Kuvisoma Vipimo kwa Pamoja: Takwimu na Uigaji wa Ratiba za Kiwandani

Mwenyekiti wa kikao, wahandisi wenzangu, wapangaji wa uzalishaji mliotoka Eneo la Viwanda, Ruaraka na Athi River, walimu na wanafunzi wa vyuo vyetu, mabibi na mabwana, nawashukuru kwa kunialika asubuhi hii hapa Nairobi. Naomba nianze na kisa kinachonihusu mwenyewe, kwa kuwa ndicho kilichonifundisha haya nitakayoyasema.

Miaka kadhaa iliyopita niliitwa na kiwanda kimoja cha bidhaa za plastiki, kilicho karibu na Barabara ya Lunga Lunga, nikisaidie kuchagua kanuni ya kupanga oda zake. Kiwanda kilikuwa na mashine za kuunda plastiki kwa moldi, yaani vyombo vinavyoipa plastiki umbo, kituo kimoja cha kuchapa nembo, na meza za kufungasha. Oda ndogo za vifuniko na vikombe zilisimama foleni moja na oda kubwa za ndoo na mitungi ya lita 20. Nilijenga modeli ya uigaji kwenye kompyuta na kulinganisha kanuni mbili: ya kwanza ilitanguliza kazi fupi, na ya pili ilitanguliza oda ambayo tarehe yake ya kukabidhiwa imekaribia. Nilipomaliza nilileta jedwali lenye vipimo sita. Kanuni ya kazi fupi ilikuwa imeshinda katika vinne, yaani muda wa wastani ambao oda hukaa kiwandani, idadi ya wastani ya oda zilizo sakafuni, urefu wa foleni mbele ya kituo cha kuchapa, na muda wa kusubiri. Ilikuwa imeshindwa katika viwili tu: wastani wa siku za kuchelewa, na ucheleweshaji mkubwa kuliko wote. Niliwaambia wakubwa wa kiwanda kwamba matokeo ni manne kwa mawili, nao wakanikubalia.

Baada ya wiki chache oda za mitungi zilianza kurundikana nyuma, kwa sababu kila asubuhi ilifika oda fupi mpya yenye haki ya kutangulia. Mteja mmoja mkubwa alipokea mzigo wake wakati msimu aliouhitaji ulikuwa umekwisha kupita. Kosa lilikuwa langu, na halikuwa la modeli. Kompyuta ilikuwa imehesabu sawasawa, na hata ule ucheleweshaji mkubwa ulikuwamo kwenye jedwali kwa yeyote aliyetaka kuuona. Kilichoharibika ni namna nilivyolisoma jedwali lenyewe. Vile vipimo vinne havikuwa mashahidi wanne. Vilikuwa shahidi mmoja aliyeingia mahakamani mara nne, kila mara amebadilisha koti, nami nikamhesabia kura nne.

Kabla sijaeleza jinsi ninavyoyasoma matokeo hayo siku hizi, niseme kwa ufupi kwa nini tunahitaji uigaji. Kwa mashine moja na oda 10 pekee, kuna njia 3,628,800 za kuzipanga. Oda zikiwa 15, njia hizo hupita trilioni 1.3. Zipo hali chache ambazo hesabu hutoa jibu kamili. Mwaka 1954 S. M. Johnson alionyesha jinsi ya kupanga kazi zinazopita katika mashine mbili mfululizo ili zote ziishe mapema iwezekanavyo. J. R. Jackson alionyesha mwaka 1955 kwamba, kwa mashine moja, kufuata mpangilio wa tarehe za kukabidhi hupunguza ucheleweshaji ule mkubwa kuliko wote, na mwaka uliofuata W. E. Smith alionyesha kwamba kutanguliza kazi fupi hupunguza wastani wa muda wa oda kukaa. Lakini ongeza mashine ya tatu kwenye tatizo la Johnson, na tangu mwaka 1976 imejulikana kwamba tatizo hilo liko katika kundi la matatizo magumu ambayo hakuna aliyewahi kuyapatia njia ya haraka ya jumla. Ongeza tena moldi inayovunjika, umeme unaokatika, na lori la malighafi lililokwama Mlolongo, na hapo ndipo tunapojenga kiwanda cha kompyuta na kukiendesha mara nyingi ili tuone yatakayotokea.

Shida huanza pale matokeo yanaporudi. Programu nyingi za uigaji hutoa ripoti yenye mstari mmoja kwa kila kipimo: wastani wake, mtawanyiko wake, kikomo chake cha chini na cha juu. Jicho hufuata mpangilio huo, likasoma mstari mmoja, likatoa hukumu, likahamia wa pili. Usomaji wa namna hiyo una madhara mawili yanayokwenda pande tofauti. La kwanza, ukipima vipimo 10 visivyohusiana, na kwa kila kimoja ukakubali hatari ya asilimia 5 ya kudanganyika, uwezekano wa kudanganyika angalau mara moja unafika karibu asilimia 40. La pili limejificha zaidi, na nitakaa nalo kwa muda mrefu: vipimo vinapohusiana, mstari mmoja mmoja unaweza kukuambia kwamba hakuna tofauti yoyote kati ya kanuni mbili, ilhali tofauti ipo, tena kubwa.

Tuanze na undugu wa vipimo. Mwaka 1961 John Little alithibitisha kanuni ambayo mpangaji yeyote anaweza kuihakiki kwa kuhesabu oda zake mwenyewe. Idadi ya wastani ya oda zilizo kiwandani ni sawa na kasi ya oda kuingia, mara muda wa wastani ambao oda hukaa. Zikiingia oda 12 kwa siku, na kila moja ikakaa siku 5, utakuta oda 60 sakafuni. Maana yake ni kwamba, ikiwa kanuni zote mbili zinapokea oda kwa kasi ile ile, muda wa kukaa na idadi ya oda sakafuni ni habari moja iliyoandikwa kwa vizio viwili. Hakuna aliyekosea kuvipima vyote viwili, kwa kuwa mwenye stoo anataka idadi na mteja anataka siku, lakini kuvihesabu kama ushahidi wa aina mbili ndilo kosa nililolifanya kule Lunga Lunga.

Vipimo vingine havifungwi na kanuni kali kama hiyo, bali huenda pamoja kwa sababu msongamano ndio unaovisukuma. Katika foleni rahisi ya kituo kimoja, yenye kuwasili na kuhudumiwa kwa nasibu, kituo kikishughulika asilimia 80 ya muda wake huwa na wastani wa kazi 4, zikiwamo zinazosubiri na inayohudumiwa. Kikifika asilimia 90 huwa na kazi 9, na kikifika asilimia 95 huwa na kazi 19. Kwa hiyo wiki ambayo mashine imeelemewa kidogo tu kuliko kawaida, foleni, muda wa kusubiri, muda wa kukaa na uchelewaji vyote hupanda kwa pamoja na kwa kasi.

Takwimu zina chombo cha kuonyesha undugu huu, nacho ni uchambuzi wa vijenzi vikuu, ambao Karl Pearson aliuandikia mwaka 1901 na Harold Hotelling akauendeleza mwaka 1933. Wazo lake ni jepesi kuliko jina lake. Kila mara unapoendesha modeli, matokeo yake ni nukta moja angani, yenye mhimili mmoja kwa kila kipimo. Ukiendesha mara nyingi unapata wingu la nukta. Wingu hilo mara nyingi halina umbo la mpira. Limenyooka kama hindi la kuchoma, refu upande mmoja na jembamba upande mwingine. Uchambuzi huu huligeuza wingu ili uone urefu wake uko wapi na wembamba wake uko wapi.

Naomba nitoe mfano wa hesabu niliouunda kwa ajili ya mazungumzo haya. Si data ya kiwanda chochote. Tuchukue vipimo vinne vilivyosawazishwa, kila kimoja kikiwa na varianzi, yaani kipimo cha mtawanyiko, ya 1. Vitatu vya kwanza ni vya msongamano, na koefishenti ya uhusiano kati ya kila jozi yao ni 0.9, ambapo 0 ni kutohusiana na 1 ni kwenda pamoja kabisa. Cha nne ni saa zilizotumika kubadilisha moldi, nacho hakihusiani na vile vitatu. Ukiligeuza wingu hilo, mhimili wa kwanza unabeba asilimia 70 ya mtawanyiko wote, wa pili asilimia 25, na miwili iliyobaki asilimia 2.5 kila mmoja. Kwa maneno mengine, ripoti iliyoonekana kuwa na habari nne ina habari mbili kubwa: msongamano, na kubadilisha moldi. Kama ningekuwa nimefanya hesabu hii mapema, nisingethubutu kusema manne kwa mawili.

Vitabu vingi vya mafunzo huishia hapo, vikimshauri msomaji abaki na mihimili inayobeba sehemu kubwa ya mtawanyiko na kuitupa ile midogo. Kwa kazi yetu ya ratiba, ushauri huo unaweza kupoteza kitu kile kile tulichokuja kukitafuta. Nataka nieleze kwa nini.

Mtawanyiko katika matokeo ya uigaji una chanzo zaidi ya kimoja. Upo unaoletwa na nasibu: wiki hii moldi ilivunjika mara mbili, ile haikuvunjika; wiki hii oda kubwa zilifika zote Jumatatu, ile zilifika kwa zamu. Upo pia mtawanyiko unaoletwa na uamuzi wetu, yaani kubadilisha kanuni ya kupanga oda. Vyanzo hivi viwili havisukumi vipimo upande mmoja. Wiki mbaya ni mbaya kwa kila kitu, ndiyo sababu wingu la nasibu limenyooka kuelekea pale ambapo vipimo vyote hupanda pamoja. Uamuzi wa ratiba kwa kawaida hauna sura hiyo, kwa kuwa hauongezi saa za mashine wala hauondoi ukatikaji wa umeme. Hugawa upya uchache uliopo, ukimpa huyu na kumnyima yule. Kanuni ya kazi fupi hupunguza muda wa wastani wa kukaa, na gharama yake hulipwa na oda ndefu zinazochelewa. Basi uamuzi hulisogeza wingu kwa kulikata upande, kufuata ule wembamba.

Angalieni sasa kinachotokea mtu anapochukua matokeo ya kanuni mbili, akayachanganya katika jedwali moja, kisha akaomba mihimili mikuu. Nasibu, ambayo ndiyo yenye nguvu zaidi, inajichukulia mhimili wa kwanza. Uamuzi, ambao ndio tulioulizwa, unajificha kwenye mhimili mdogo wa asilimia mbili au tatu, na mchambuzi anautupa kwa sababu kitabu kilimwambia autupe. Nimewahi kuona ripoti nzuri, iliyoandikwa kwa bidii, ikihitimisha kwamba kanuni za ratiba hazina athari kubwa, na sababu yenyewe ilikuwa hiyo. Ningependa wanafunzi mlio hapa mlikumbuke jambo hili hata mkisahau mengine yote niliyoyasema.

Niwape hesabu yake, kwa mfano mwingine wa kuundwa. Tumeendesha modeli mara 20 kwa kila kanuni, tukitumia namba zile zile za nasibu pande zote mbili, ili wiki ya kwanza ya kanuni ya kazi fupi ikutane na oda zile zile na uharibifu ule ule wa mashine uliokutana na wiki ya kwanza ya kanuni ya tarehe. Kwa kila mzunguko, yaani kila mara tulipoendesha modeli, tunachukua matokeo ya kanuni ya kazi fupi na kuyaondolea yale ya kanuni ya tarehe, tukipata tofauti ya vipimo viwili: muda wa kukaa, na uchelewaji. Tuseme tofauti hizo, tukiziangalia mzunguko hadi mzunguko, zinapanda na kushuka pamoja kwa koefishenti ya 0.9. Wastani wa tofauti ya kwanza uko chini ya sifuri kwa kiasi cha kosa sanifu moja na nusu, kosa sanifu likiwa kiasi ambacho wastani hutarajiwa kuyumba kwa nasibu tu. Wastani wa tofauti ya pili uko juu ya sifuri kwa kiasi hicho hicho.

Soma mstari mmoja mmoja. Kwa mizunguko 20, na kwa hatari ya asilimia 5, kizingiti cha kila kipimo peke yake ni takriban 2.09. Moja na nusu haifiki. Ripoti itasema hakuna tofauti iliyothibitika katika muda wa kukaa, na hakuna tofauti iliyothibitika katika uchelewaji, na mpangaji ataambiwa achague kanuni anayoipenda.

Sasa visome kwa pamoja, kwa kipimo ambacho Hotelling alikitoa mwaka 1931 na kinachojulikana kwa jina lake kama T ya mraba. Kipimo hiki hakiulizi tu nukta ya wastani iko mbali kiasi gani na sifuri. Huuliza iko mbali kiasi gani ikilinganishwa na unene wa wingu kuelekea upande huo. Kwa koefishenti ya 0.9, wingu letu lina varianzi ya 1.9 kuelekea pale ambapo tofauti zote mbili hupanda pamoja, na varianzi ya 0.1 tu kuelekea pale ambapo moja hushuka na nyingine hupanda. Nukta yetu imekaa kwenye upande huo mwembamba. Mraba wa umbali wake ni 1.5 mara 1.5, mara mbili, yaani 4.5, gawanya kwa 0.1, jibu ni 45. Kizingiti cha T ya mraba kwa vipimo viwili na mizunguko 20 ni takriban 7.5. Arobaini na tano haiachi nafasi ya ubishi. Lau tofauti zote mbili zingekuwa juu ya sifuri, kwa ukubwa ule ule, tungegawanya 4.5 kwa 1.9 na kupata 2.4, na kweli tusingekuwa na la kusema. Ukubwa wa tofauti ni ule ule katika hali zote mbili, ila upande umebadilika. Wala jambo hili halihitaji mashine kubwa. Mwenye karatasi ya mraba na kalamu anaweza kuchora nukta 20 na kuona kwa macho yake kwamba karibu wingu lote limelala upande mmoja wa mstari, ingawa kivuli chake kwenye kila mhimili kinagusa sifuri.

Kanuni zikiwa zaidi ya mbili, hesabu hupanuka bila kubadilika roho yake: tunatenganisha kovarianzi, yaani namna vipimo vinavyotawanyika pamoja, iliyo ndani ya kila kanuni, ambayo ni ya nasibu, na ile iliyo kati ya kanuni, ambayo ni ya uamuzi, kisha tunazilinganisha. Samuel Wilks aliandika kipimo chake cha kazi hiyo mwaka 1932. Baada ya kupata jibu kwamba tofauti ipo, napenda kutafuta mihimili inayotenganisha kanuni vizuri zaidi, kama Ronald Fisher alivyofanya mwaka 1936 kwa maua ya aina tatu, na kuisoma mizani, yaani uzito, ya kila kipimo kwenye mihimili hiyo. Mizani hiyo ndiyo inayosema ni nini kinachobadilishwa kwa nini: kwamba kwa mfano kanuni hizi zinatofautiana kwa kubadilishana saa za kuseti mashine na siku za mteja. Sentensi hiyo supavaiza wa shifti anaielewa mara moja, wakati jedwali la vipimo sita humwacha akitafuta mshindi.

Kuna tahadhari ambazo siwezi kuzipita. Ya kwanza ni ya Little tena. Ukiingiza muda wa kukaa na idadi ya oda sakafuni katika hesabu moja, na kasi ya kuingia ikawa ile ile, wingu linakuwa bapa kabisa upande mmoja, unene wake unakaribia sifuri, na kugawanya kwa unene huo kunatoa namba kubwa zisizo na maana yoyote. Kompyuta nyingine hukataa na kusema matriksi, yaani jedwali la kovarianzi, haigeuziki; nyingine hukubali kimya kimya, na hizo ndizo za kuogopwa. Chagua kimoja kati ya hivyo viwili kabla hujaanza. Ya pili ni kwamba mzunguko mmoja wa uigaji ni ushahidi mmoja. Oda 400 zilizopita ndani ya wiki moja ya modeli si sampuli 400, kwa sababu zilisukumana katika foleni moja, na oda iliyochelewa iliichelewesha iliyofuata. Ya tatu, idadi ya mizunguko lazima ipite idadi ya vipimo, na ipite kwa mbali. Kwa vipimo sita, mizunguko saba inakubalika kihesabu lakini haimridhishi mtu makini. Ya nne, uchelewaji una tabia ya kuegemea upande mmoja, wiki nyingi zikiwa karibu na sifuri na chache zikiwa mbali sana, kwa hiyo kuchukua logi (logariti) baada ya kuongeza moja, au kuongeza mizunguko, husaidia wingu likae katika umbo ambalo hesabu hizi zinalitegemea. Na vizio visawazishwe: dakika na shilingi zikiingia mbichi, kipimo chenye namba kubwa kitatawala mihimili mikuu bila haki.

Matumizi mengine ya kusoma kwa pamoja, ambayo binafsi nayaona kuwa na faida kubwa hata kuliko kulinganisha kanuni, ni kuuliza kama modeli yenyewe inafanana na kiwanda. Mwaka 1936 Prasanta Chandra Mahalanobis, mwanatakwimu wa Kalkuta, alichapisha kipimo cha umbali kinachozingatia undugu wa vipimo, na chimbuko la kazi yake lilikuwa kulinganisha makundi ya watu kwa vipimo vya miili yao. Sisi tunaweza kukitumia hivi: tunaendesha modeli mara nyingi tupate wingu la wiki za kuigwa, halafu tunachukua wiki halisi kutoka kwenye daftari za kiwanda na kuuliza ziko mbali kiasi gani na kitovu cha wingu hilo.

Nilipokirudia kiwanda cha Lunga Lunga, mkurugenzi wake akiwa ameniruhusu kwa uvumilivu ambao nitaukumbuka daima, nilifanya zoezi hilo. Kila kipimo cha wiki halisi, kikitazamwa peke yake, kilikuwa ndani ya mipaka ya modeli. Saa za kubadilisha moldi zilikuwa za kawaida. Muda wa oda kukaa ulikuwa wa kawaida. Lakini vikiwekwa pamoja, wiki kadhaa zilikuwa mbali na wingu: moldi zilikuwa zimebadilishwa mara nyingi kuliko wastani, ingawa bado ndani ya mipaka, na wakati huo huo oda kubwa zilikuwa zimekaa muda mfupi kuliko modeli ilivyotarajia kwa mabadiliko mengi kiasi hicho. Modeli yangu haikujua njia yoyote ya kufika hapo.

Nilikwenda usiku kuangalia. Supavaiza wa shifti ya usiku, mtu aliyekuwa ameifanya kazi hiyo kwa miaka mingi, alikuwa akizikata oda kubwa vipande viwili. Alitoa nusu ya mitungi, akabadilisha moldi ili oda fupi mbili zipite, kisha akarudi kumalizia nusu ya pili wakati nusu ya kwanza tayari iko kwenye meza ya kufungasha. Hakuna karatasi iliyomwagiza hivyo. Alikuwa anawalinda wateja wakubwa dhidi ya kanuni niliyoileta mimi, na mashine za kuchapa zilikuwa hazikai bure. Nilimwomba anieleze ni wakati gani huikata oda na wakati gani huiacha, naye akanieleza kwa subira huku mashine zikinguruma: huangalia kwanza kama meza za kufungasha ziko wazi, kisha kama oda fupi inayosubiri ni ya moldi nyepesi kubadilisha. Niliiandika kanuni yake kwenye modeli. Wiki halisi ziliingia ndani ya wingu. Tulipoilinganisha kanuni yake na zile mbili za mwanzo, nukta yake ilikaa mahali ambapo hakuna hata moja kati ya hizo mbili ilipofika: uchelewaji ulipungua, muda wa kukaa haukupanda, na gharama ikaonekana wazi kwenye mhimili wa kubadilisha moldi. Kama gharama hiyo inafaa kulipwa, hilo lilikuwa swali la wenye kiwanda. Takwimu haziwezi kusema siku moja ya mteja mkubwa ni sawa na saa ngapi za fundi wa moldi. Walikaa, wakapiga hesabu ya mshahara wa mafundi na ya adhabu za mikataba, wakaipitisha kanuni ya yule supavaiza kwa oda zote za mitungi.

Kwenye meza zenu mtakuta karatasi yenye safu 20 na vipimo vitano, iliyotolewa na modeli ndogo ya mashine tatu niliyoiandaa kwa ajili ya leo. Viwili kati ya vipimo hivyo vimefungwa na kanuni ya Little, nami sijasema ni vipi. Naomba kabla ya chai kila meza ivitambue hivyo viwili, iondoe kimoja, kisha ichore nukta za muda wa kukaa dhidi ya uchelewaji kwa kanuni zote mbili, kwa kalamu za rangi tofauti. Tukirudi tutaanza kwa kuangalia michoro hiyo kabla ya kufungua kompyuta.